Msalaba wa Shaba na Mikono Iliyoumimina

Msalaba wa shaba wa Katanga una sura mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Wanaijua ile ya kuchorwa: mikono minne iliyo sawa, imekutana katikati kwa umbo la herufi X, kama inavyoonekana kwenye bendera, kwenye sarafu za zamani na kwenye kuta za maduka. Mtoto wa Lubumbashi huitambua kabla hajajua kusoma. Sura ya pili ni ya msalaba wenyewe, ule uliomiminwa. Humfunukia aliyeushika mkononi, au aliyekawia mbele ya kabati la kioo katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi hadi macho yakazoea mwanga. Hapo ndipo unapogundua kwamba pande zake hazifanani. Upande mmoja umetulia, ule mwingine umejaa mikunjo, vinundu na vitundu. Nataka tuanzie kwenye upande huo wenye makunyanzi, kwa sababu ndio unaoeleza kazi.

Shaba ilimiminwa ndani ya kalibu iliyo wazi juu. Upande uliolalia kalibu ulichukua sura ya udongo. Upande uliobaki wazi ulichukua sura ya hewa na moto. Mikunjo ile midogo ilitokea pale ngozi ya metali ilipoanza kuganda ilhali ndani bado ni majimaji. Vitundu ni njia za hewa iliyokuwa imefungwa humo ikatafuta pa kutokea. Mkono mmoja ukiwa mfupi kidogo kuliko wenzake, shaba iliishiwa na joto kabla haijafika mwisho wa mfereji. Ukingo ukiwa na utando mwembamba, ilifurika. Misalaba mingi mikubwa ina upana wa sentimita 20 hivi na uzito kati ya nusu kilo na kilo moja, na katika eneo hilo dogo unaweza kufuata mwendo mzima wa mmiminiko, tangu pale shaba ilipotua hadi pale iliposimama. Ni kitendo cha muda mfupi sana, kilichotanguliwa na miezi ya kazi.

Mengi tunayoyajua kuhusu miezi hiyo tunawiwa na wazee wa Kisanga, yaani wa kabila la Wasanga wa Katanga. Mwaka 1924 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini kutoka Ubelgiji aliyeliongoza Kanisa Katoliki huko Katanga, aliwaomba wayeyushaji wa zamani waifanye tena kazi yao mbele yake. Maelezo aliyochapisha mwaka 1926 yaliwatambulisha kwa wasomaji wa Ulaya kama walaji wa shaba, jina lililotoka kwa wenyewe: kwenda kuyeyusha kuliitwa kwenda kula shaba, kwa kuwa msimu huo ndio ulioingiza mali nyumbani. Wakati ule matanuri ya kampuni ya Union Minière yalikuwa yakiwaka Lubumbashi tangu 1911, na yale ya wazee yalikuwa yamekwisha kuzimwa. Walichokionyesha mwaka 1924 kilitoka kwenye kumbukumbu ya mikono yao. Kalamu ilikuwa ya Monsinyori, lakini maelezo yalikuwa yao.

Msimu ulifunguliwa baada ya mavuno ya mtama, kwenye mwezi Mei, pale mvua zilipokatika. Chifu alitoa mwito, na watu wakahama na familia zao kwenda kupiga kambi karibu na machimbo. Ulifungwa na mvua za Oktoba, na sababu yake si tu kwamba mashamba yalikuwa yakiwaita watu. Mvua huyajaza mashimo maji, hulowesha makaa, na huingiza unyevu kwenye kalibu. Shaba iliyoyeyuka ikikutana na unyevu, maji hugeuka mvuke kwa ghafla na metali huruka juu, ikimchoma kila aliye karibu. Kiangazi basi kilikuwa kifaa cha kazi, kwa kiwango kile kile cha mvukuto na koleo.

Wachimbaji hao waliijua ardhi kwa kuisoma mimea yake. Juu ya miamba yenye shaba nyingi miti ya miombo hukoma, na kilima hubaki na nyasi na maua machache yanayoistahimili sumu ile. Mojawapo ni ua dogo la rangi ya samawati iliyochanganyika na zambarau, ambalo wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense na watu wa Katanga hulijua kama ua la shaba. Ua hili limefanya kazi mara mbili. Kwanza liliwaonyesha wahunzi mahali pa kuchimba. Kisha, karne nyingi baadaye, limewaonyesha wanaakiolojia mahali wahunzi walipokuwa wakiyeyusha, kwani udongo uliozunguka matanuri ulibaki na shaba, na ua likaota papo hapo juu ya majivu yaliyosahauliwa. Kando ya mto Naviundu, kwenye viunga vya Lubumbashi, mabaki ya uyeyushaji yamepimwa na kukutwa yana umri wa tangu karne ya 4. Mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville umekaa juu ya ardhi ambayo watu walikuwa wakiifanyia kazi hiyo hiyo zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kabla.

Madini yenyewe yalikuwa malakiti, jiwe la kijani ambalo leo huchongwa mayai, visanduku na shanga na kuuzwa mjini kwa wageni. Wanaume walishuka kwenye mashimo, mengine yenye kina cha mita kumi na zaidi, wakifuata mshipa wa kijani kwa vifaa vya chuma na moto. Wanawake na watoto walikusanya vipande vya juu ya ardhi, wakavipondaponda, wakavichambua na kuviosha hadi udongo ukaondoka. Napenda tuikumbuke kazi hii ya kuchambua, ambayo kwa kawaida hupitwa haraka ili tufike kwenye moto. Jiwe lisilochambuliwa vizuri hulijaza tanuri uchafu, shaba ikanaswa ndani ya mavi ya metali isitiririke. Ubora wa msalaba ulianza kwenye vidole vya watoto waliolijua jiwe la kijani safi na kulitenga na lile lenye udongo.

Kisha tanuri. Lilikuwa fupi, lisilomfikia mtu mzima kifuani, na lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Mchwa wameshaufanyia udongo huo kazi ya kwanza: wameuchekecha, wameuchanganya na mate yao, wameushindilia. Haupasuki upesi kwenye moto mkali kama udongo wa kawaida. Ndani yake makaa na malakiti vilipangwa kwa tabaka, na chini zikaingizwa kewa za udongo zilizounganishwa na mivukuto ya ngozi. Makaa yalikuwa na kazi mbili. Yalitoa joto, na pia yalitoa ile hewa ya kaboni inayoinyang’anya malakiti oksijeni yake na kuiacha shaba peke yake. Ukipuliza kidogo mno, joto halitoshi. Ukipuliza kupita kiasi, hewa mpya inairudishia shaba kile ulichokwisha kuiondolea. Wavukutaji walipokezana kwa mdundo, na wimbo ndio uliokuwa saa yao.

Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za selisiasi. Fundi mkuu hakuwa na kipimo cha joto, alikuwa na macho. Malakiti inapoanza kuungua huupaka moto rangi ya kijani, na rangi hiyo hubadilika kadiri kazi inavyosonga mbele. Alitazama ndimi za moto, akasikiliza sauti ya tanuri, akajua wakati wa kuongeza makaa na wakati wa kuacha. Alikuwa pia na dawa zake na masharti yake, na wenzake waliyatii: wakati wa kuyeyusha wanaume walijitenga na wake zao, na si kila mtu aliruhusiwa kulikaribia tanuri. Wasomi wengine huyaweka mambo haya upande wa imani na kuyatenga na ufundi. Mimi sioni mpaka ulipo. Kazi inayoweza kuharibika kwa uzembe wa mtu mmoja ilihitaji njia ya kuwafanya watu wote wawe makini kwa usiku na mchana mfululizo, na masharti yaliufanya umakini huo kuwa jambo la heshima.

Shaba iliyotoka kwenye tanuri la kwanza bado ilikuwa mabonge yenye uchafu. Iliyeyushwa mara ya pili, sasa katika chungu kidogo, ikafunikwa kwa makaa ili hewa isiiguse, maana shaba ya moto hunywa hewa na baadaye huitema inapoganda, na hivyo ndivyo msalaba unavyojaa vitundu. Karibu yake kalibu zilikuwa zimetayarishwa, zimenyooshwa, zimekauka. Kutoka hapo kila kitu kilikuwa ni mkono. Fundi aliinua chungu kwa koleo la miti mibichi au chuma na kumimina bila kukatisha. Mmiminiko ukikatika hata kidogo, shaba ya kwanza huganda juu na ya pili hulala juu yake bila kushikana nayo, ukabaki mshono ambao utapasuka siku ya kwanza ya nyundo. Ukimimina polepole mno, mikono haijai. Ukimimina kwa pupa, shaba inaruka ukingo.

Ukilijua hili, umbo la X huanza kuonekana kwa njia nyingine. Wengi hulihusisha na msalaba wa Kikristo, lakini wamisionari wa kwanza walifika Katanga mwaka 1886, na misalaba ya shaba ilikuwa imezikwa na wafu wa bonde la Upemba karne nyingi kabla ya hapo. Ninavyoona mimi, ni umbo lililotokana na mmiminiko. Shaba hutua katikati na kukimbilia pande nne kwa umbali ulio sawa, kwa hiyo hupoa kwa usawa. Katikati hubaki pana, mahali penye nguvu. Mikono hutoa pa kufungia kamba, na misalaba kumi ikilalishwa pamoja haitelezi kwenye mzigo wa mtu anayetembea kwa wiki nyingi. Mhunzi wa mbali anayetaka shaba kidogo ya bangili hushika mkono mmoja tu na kuutia motoni. Uzuri wa umbo hili ni kwamba halina kitu kilichoongezwa kwa ajili ya kupendeza, na linapendeza.

Bonde la Upemba, kaskazini, lilithibitisha umri wa msalaba. Mwaka 1957 Jacques Nenquin na mwaka uliofuata Jean Hiernaux walifukua makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, na baada yao Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Katika makaburi ya zamani zaidi shaba ni mapambo: mikufu, bangili, vikuku. Kuanzia karne ya 13 hivi misalaba inatokea, kwanza mikubwa, imelazwa juu ya kifua cha marehemu. Karne zinavyosonga inakuwa midogo na kulingana zaidi na zaidi, hadi ile ya sentimita chache tu, imewekwa karibu na mikono na kiuno. Wanaakiolojia wamesoma hapo kuzaliwa kwa fedha: kitu cha heshima kikageuka kuwa kipimo. Mimi nasoma pia maendeleo ya fundi. Kumimina misalaba mingi midogo iliyo sawa ni kazi ngumu kuliko kumimina mkubwa mmoja, kwa sababu shaba kidogo hupoa haraka na haimpi mtu nafasi ya kusita. Baadaye misalaba mikubwa ilirudi kwenye biashara, na ikatumika kulipia mahari hadi Kasai.

Kuna mji mmoja wa Italia unaonisaidia kuufikiria msalaba huu, nao ni Perugia. Katikati yake, kati ya kanisa kuu na jumba la watawala, ipo chemchemi ya kujengwa iitwayo Fontana Maggiore, iliyokamilishwa mwaka 1278. Maji yalivutwa kutoka mlima Pacciano na Boninsegna wa Venice, mtawa Bevignate akasimamia ujenzi, na Nicola Pisano pamoja na mwanawe Giovanni wakachonga mawe. Beseni la chini lina pande 25 na kila upande una paneli mbili. Humo mji ulichonga miezi 12 na kazi zake: watu wanaota moto Januari, wanavuna Juni, wanapura Julai, wanachinja nguruwe Desemba. Wamo pia simba na yule mnyama mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, ambaye ni nembo ya Perugia. Kwenye beseni la kati wamesimama wanawake wawili wanaowakilisha nchi zilizoulisha mji, mmoja amebeba ngano ya Chiusi na mwenzake samaki wa ziwa Trasimeno, na kati yao Perugia mwenyewe na pembe ya neema. Na juu kabisa ni beseni la shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, lililomiminwa mwaka 1277 na fundi aliyeacha jina lake humo: Rubeus.

Nawaonea wivu watu wa Perugia kwa jambo moja. Chemchemi yao ni nembo inayojieleza. Mtoto akiizunguka anaona kwamba mji hutegemea mvunaji, mpuraji na mvuvi, na kwamba bila hao simba na nembo havina pa kusimama. Kalenda imechongwa ndani ya alama ya utawala. Msalaba wa Katanga nao una kalenda ndani yake, Mei hadi Oktoba, una wanawake waliochambua na wavukutaji waliopokezana, lakini vyote hivyo vimefichwa kwenye makunyanzi ya upande mmoja. Asiyeelezwa haoni. Rubeus ana jina. Fundi wa Kisanga aliyemimina kwa ustadi ule ule hana. Kwa sababu hiyo nembo ya Katanga inahitaji watu wa kuisimulia, zaidi ya inavyohitaji watu wa kuipandisha mlingotini.

Maana imepandishwa mlingotini mara nyingi. Katanga ilipojitangaza huru tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Sarafu zake za mwaka 1961, za faranga 1 na faranga 5, zilibeba msalaba mmoja: fedha ya zamani ikapigwa chapa juu ya fedha mpya. Uhuru huo ulikoma Januari 1963. Jimbo likaitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Bendera ile imewahi kurudi Lubumbashi mikononi mwa watu wenye silaha, Machi 2013, na siku hiyo watu waliuawa. Ninayataja haya kwa kifupi kwa sababu yanajulikana, na kwa sababu yote yanahusu ule mchoro tu. Wazee walioyeyusha mwaka 1924 hawakuwa wakimimina ugomvi wa mtu yeyote.

Ufundi wa shaba uliendelea kwa njia nyingine hata kabla ya hayo. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mtu wa Usumbwa katika Tanzania ya leo, ambaye baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara wa shaba, alijenga utawala wake Bunkeya. Watu wake, Wayeke, walileta ustadi wa kuvuta waya. Walichukua shaba, wakaifua iwe fimbo nyembamba, kisha wakaipitisha kwenye tundu la chuma, halafu kwenye tundu dogo zaidi, na dogo zaidi, hadi ikawa udodi mwembamba uliozungushwa juu ya nyuzi au nywele za mkia wa mnyama na kuwa bangili laini inayopinda na mkono. Masango, yaani waya nene, na udodi vilisafiri na misafara hadi pwani. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa risasi ya Kapteni Mbelgiji Omer Bodson. Wahandisi wa kikoloni waliofuata walikuta kwamba karibu kila mahali walipotaka kuchimba palikuwa na mashimo ya watu waliowatangulia. Kalukuluku, ambayo waliibatiza Étoile, ilikuwa mojawapo.

Leo mmiminiko mkubwa hufanywa viwandani, na sehemu kubwa ya shaba ya Katanga huondoka ikiwa mabamba, kwa malori, kupitia Kasumbalesa kuelekea bandari za Dar es Salaam na Durban. Lakini kipande kidogo hubaki, na kipande hicho ndicho kinachonivutia ninapopita penye sauti ya nyundo. Lubumbashi ina mafundi wanaofua mabati ya shaba na kuyageuza picha za kuinuka: mwanamke anatwanga, swala anageuza shingo, kinyago, ramani ya Kongo, Karamu ya Mwisho kwa ajili ya ukuta wa sebule. Wapo wanaoziita kazi za kuuzia wageni na kuzipita. Nadhani hawajawahi kusimama na kutazama inavyofanywa.

Bati hulazwa juu ya kitu kinachokubali kubonyea, kama lami, mchanga au mpira. Fundi huchora, kisha huanza kupiga kutoka nyuma. Hapo ndipo ugumu wa kwanza: anaiona picha kinyume. Kinachotakiwa kuinuka mbele anakizamisha, na uso utakaotazama kulia anaupiga ukitazama kushoto. Hapigi kwa nguvu. Hupiga mara nyingi, kidogo kidogo, akihama kila mara, kwa sababu bati haliongezeki; kila kinachoinuka kimevutwa kutoka mahali pengine, na pale kilipovutwa pamekuwa pembamba. Shavu la mwanamke anayetwanga limekopa metali kutoka shingoni. Fundi akisahau deni hilo, shingo inapasuka.

Ugumu wa pili ni kwamba shaba hukasirika. Kila pigo huifanya iwe ngumu zaidi, hadi nyundo inaanza kurudi na sauti inabadilika kutoka ile nzito kwenda ile ya juu na kavu. Mwanafunzi hupiga zaidi. Fundi huacha, huchukua bati na kuliweka motoni hadi liwe jekundu, kisha huliachia lipoe au hulizamisha majini, na shaba inakuwa laini upya, tayari kwa duru nyingine. Chuma cha pua kingefanya kinyume, kingekuwa kigumu kwa kuzamishwa hivyo. Duru za nyundo na moto hurudiwa hadi umbo lifike urefu wake. Baada ya hapo bati hugeuzwa, na kwa tindo nyembamba fundi hufuata mistari kutoka mbele: kope, ukingo wa kitambaa, mishipa ya mkono ulioshika mchi. Usuli hupigwa nukta nyingi ndogo zilizobanana, ili uwe na kivuli na kuiacha picha ing’ae. Mwisho shaba hutiwa weusi kwa dawa yenye kiberiti, hupanguswa pale palipoinuka, ikapakwa vanishi ili isigeuke kijani.

Nukta zile za usuli ndizo ninazozitazama kwanza ninapotaka kujua kiwango cha fundi. Hakuna mnunuzi anayezihesabu, wala hakuna anayelipia zaidi kwa ajili yake. Kwa fundi wa haraka zinapishana, zinasongamana pembeni, zinapungua karibu na kona ambako mkono umechoka. Kwa fundi mwenye subira zinafuata umbo, zinakaribiana kuelekea ukingo wa mwili na kulegea zinapoelekea nje, kiasi kwamba swala anaonekana amesimama kwenye hewa ya asubuhi. Ni kazi ya siku nyingi mahali ambapo jicho la mpita njia halitui. Namheshimu mtu anayefanya hivyo kwa bei ile ile.

Ustadi huu umekwisha kufika Italia kwa miguu yake. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978 na mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Picha, alionyesha Venice mwaka 2015, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya huko, kuba la shaba lililofunikwa kwa michoro ya chale, zile alama ambazo watu wa Kongo walichanjwa mwilini kutambulisha ukoo na utu wao. Kuba lilikuwa na habari ndani yake: shaba ya Katanga iliingia kwenye silaha za Vita vya Kwanza vya Dunia, na Ulaya ilipojenga kumbukumbu za wafu wake, waliochimba hawakutajwa. Baloji hakuandika maneno juu ya jambo hilo. Aliiacha metali iwe ngozi, na ngozi iwe na chale. Katika nchi ya Rubeus, kwenye mji wenyewe wa Boninsegna aliyeyapandisha maji Perugia, shaba ya Katanga ilisimama ikiwa na alama za wenyewe.

Kama unapita Lubumbashi na ukataka kuondoka na msalaba, utaipata mingi sokoni, mipya na inayosemekana kuwa ya zamani. Usianze kwa kuuliza umri. Ugeuze. Pande zote mbili zikiwa laini sawasawa na kingo zikiwa zimenyooka kama zilizokatwa kwa mkasi, umeshika bati lililokatwa. Ni kumbukumbu nzuri ya safari, ilipie hivyo. Upande mmoja ukiwa na chembe za udongo na mwingine ukiwa na mikunjo, pitisha kidole kutoka katikati kuelekea kila mkono na utafute pale shaba iliposimama. Kisha mwombe muuzaji akuelekeze kwa aliyeumimina. Mara nyingi yuko mtaa wa pili, na kama hana kazi ya haraka atakuonyesha kalibu.